Niliharakisha slab ya Kibosho, nikajikuta nimekaa chini yake na ukoo mzima

Wakuu, salamu kutoka Moshi.

Huwa nasoma nyuzi zenu na kuondoka kimya. Hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, leo nimeamua iende. Majina nimebadili, na kijiji sitakitaja zaidi ya kusema ni Kibosho ya juu. Mengine yote ni kama yalivyotokea, yakiwemo yanayonidhalilisha.

Kwanza mnijue kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilifikaje pale.

Mimi sikuwa na mjomba serikalini. Diploma yangu ya ujenzi imelipiwa na ndizi na maziwa ya mama yangu. Nikaenda Doha, nikakaa miaka saba. Nilianza kwa kubeba nondo juani, nikatoka nikiwa foreman wa genge la watu wa mataifa sita. Nimerudi na pickup yangu, na nyumba yangu ya Shirimatunda nimeichora kwa mkono huu. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu kule kujiona ndiko kulikotaka kuua watu.

Nilipofungua kaofisi kangu niliamua kujiendeleza. Nikajiunga na chuo, masomo ya wikiendi. Mwaka wa mwisho tukatakiwa kufanya research, na yangu ikawa juu ya usimamizi wa miradi ya ujenzi na namna ya kuongeza ufanisi. Kwa lugha ya kawaida: kwa nini nyumba za huku kwetu haziishi kujengwa?

Niliifanya kwa bidii kuliko yeyote darasani. Nilizunguka na daftari site hadi site. Kila nusu saa naandika kila mtu anafanya nini. Huyu anachanganya zege. Huyu anakunja nondo. Huyu amekaa juu ya karai lililopinduliwa anaangalia barabara.

Jibu nililopata: watu wanasubiri. Wanasubiri maji, wanasubiri mchanga, wanasubiri mwenye nyumba apokee simu. Na zaidi ya vyote wanasubiri mirunda.

Kwa msiojua, mirunda ni zile nguzo za miti zinazosimamishwa chini ya mbao za slab, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, zishikilie uzito mpaka zege likomae. Huku mlimani karibu hakuna anayenunua mirunda kwa nyumba moja. Seti moja inazunguka. Ikitoka kwa huyu inapanda kwa yule. Ikifika Novemba kila mtu anaitaka, kwa sababu Desemba watoto wanarudi kutoka kila kona ya nchi, na hakuna mzee anayependa wakute nguzo zinachungulia angani kama mwaka jana.

Nikatengeneza ratiba. Site tatu, seti moja ya mirunda. Chekereni kwanza, Shirimatunda ya pili, Kibosho ya tatu, na mteja wa nne mjini anasubiri. Kila slab siku kumi. Vua, pakia, peleka.

Doha tulikuwa tunavua mapema na sikuwahi kuona kitu kikianguka. Kilichonitoka akilini ni kwamba Doha kulikuwa na mainjinia waliokuwa wanapima zege maabara kabla ya kuniambia vua. Mimi nilikumbuka ile "vua" tu.

Chekereni, kwenye joto la mashamba ya mpunga, siku kumi zilitosha. Shirimatunda nako salama. Zote mbili zilikuwa nyumba za vyumba vidogo. Supervisor wangu wa chuo alipoona grafu niliyochora ya muda uliookolewa akasema hii inaweza kutoka kama paper. Wiki ile nilitembea kifua mbele.

Kibosho nilikuwa namjengea mwalimu mstaafu, nitamwita Mwalimu Prosper. Ghorofa moja kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yake, katikati ya migomba na kahawa. Chini alitaka ukumbi mkubwa bila nguzo katikati, ukoo wake ukae humo siku inayofuata Krismasi. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake kuu.

Fundi mkuu pale alikuwa mzee wa hapo hapo, Fundi Mathei. Umri umepita sitini, hana cheti hata cha ubatizo kama anavyojitania mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyemtaka. Mimi aliniita Mwarabu tangu siku ya kwanza.

Siku ya kumi baada ya kumwaga zege nikapanda na pickup kuchukua mirunda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, nikaendesha na taa asubuhi. Mathei alikuwa amekaa mlangoni na koti la mvua, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mwarabu, hii usivue leo," akasema. "Huku ni baridi. Zege la huku linachelewa kuamka."

Nikamwambia Chekereni nimevua siku ya kumi na slab imesimama.

"Chekereni ukianika nguo, unageuka imekauka. Mimi suruali hii nimeianika Jumatatu, leo Alhamisi nimeivaa mbichi."

Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaenda kwenye gari nikaleta faili, nikamwonyesha grafu mbele yao wote. Kisha nikamuuliza yeye diploma yake ameipata chuo gani.

Alimwaga chai iliyobaki, akanyanyuka, akaenda kushika mrunda wa kwanza.

Jioni ile, kwenye daftari la research, chini ya vyanzo vya ucheleweshaji, niliandika: fundi mkuu anapinga ratiba.

Na sikuishia hapo. Ili Januari tusipoteze muda, niliagiza tofali za ghorofa ya juu zipandishwe kabisa. Zikapangwa juu ya slab, katikati, kwa sababu katikati ni karibu na kila fundi. Nilijipongeza kwa hilo pia.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Siku inayofuata Krismasi nikapanda nikiwa mgeni rasmi. Shati jipya, viatu vya Doha. Walikuwa wamefunga turubai uani, lakini manyunyu yalianza asubuhi yakakataa kuacha, basi kila kitu kikahamishiwa ukumbini. Viti, ndoo za pombe ya mbege, watoto, redio. Nyama ya ng'ombe wa ukoo ikalazwa juu ya majani ya migomba kwenye sakafu, katikati ya ukumbi.

Kwa wasio Wachaga: nyama ya ukoo haigawiwi ovyo. Kila nyumba ina sehemu yake, na mkubwa wa ukoo anaita nyumba moja moja kwa jina ije ichukue. Pale mkubwa alikuwa Mwalimu Prosper. Kabla hajaanza kuita, akanisimamisha mimi. Akasema ukoo huu haujawahi kukaa wote chini ya paa moja mvua ikinyesha, na leo wamekaa. Akanikabidhi kipande cha kidari kwa mikono miwili. Mgeni kupewa kidari si jambo la kila siku.

Nikatoa hotuba. Nikasema nyumba hii imejengwa kisayansi. Wakapiga makofi. Nikakaa.

Tone la maji likaniangukia mkononi.

Nikafuta. Likaja lingine. Nikainua kichwa.

Katikati ya slab kulikuwa na mstari wa unyevu, mwembamba kama uzi, umenyooka kutoka upande wa ngazi kuja kwenye tundu la taa. Matone yalikuwa yamejipanga juu yake kama shanga. Maji ya mvua yalikuwa yanapita kutoka juu. Maana yake ule haukuwa ufa wa juu juu. Ulikuwa umetoboa.

Nimeshika kidari, mafuta yanatiririka hadi kwenye saa.

Nitawaambia ukweli kama nilivyoahidi. Wazo langu la kwanza halikuwa watu. Lilikuwa jina langu. Nikajiambia labda ni unyevu tu. Labda nikae, wale, waondoke, kesho nije kimya kimya na mirunda. Nani atajua?

Nikaanza kuhesabu vichwa bila kutaka. Nilifika thelathini na kitu nikaacha, kwa sababu watoto walikuwa hawatulii.

Wakati huo huo ukungu ukafunguka. Mtu akapiga kelele uani kwamba Kibo imetoka, nyeupe yote. Mnajua vijana wa Dar wakiona mlima. Wakapanda ngazi mbio na simu zao kwenda kupiga picha juu ya slab, kando ya tofali zangu. Nilisikia miguu yao juu ya kichwa changu. Mmoja alikuwa anaruka ili apigwe picha akiwa hewani. Kila alipotua, matone yote kwenye ule mstari yalianguka kwa pamoja.

Nikatazama tena. Ufa ulikuwa umelipita tundu la taa.

Nikasimama. Mlangoni nikakutana na Fundi Mathei ndiyo kwanza anaingia, ametoka kwenye nyama ya ukoo wake. Sikumsalimia. Nilimshika mkono nikamwelekeza juu kwa macho tu.

Akatazama. Akashusha macho taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Juu wako wangapi?"

"Sijui. Kumi. Nawapigia kelele washuke."

Akanibana mkono. "Ukipiga kelele, wa juu watashuka mbio na hawa watagombania mlango. Zege hilo halitaki mbio juu yake."

"Sasa tufanyeje?"

"Usiwatoe watu. Toa nyama."

Sikumwelewa. Akanisukuma kuelekea kwa Mwalimu. "Nyama ikienda nje nani atabaki humu? Nenda. Na umwambie kweli, usimpe grafu."

Nikapita katikati ya watu. Hatua zile, wakuu, ni kama kumi na tano. Nilizikanyaga kama natembea juu ya mayai, wakati mimi nilikuwa chini na hatari iko juu. Nikainama sikioni mwa Mwalimu, nikamwambia nilivua mirunda mapema, slab inapasuka, watu watoke bila kujua, na waanze wa juu.

Akanitazama. Kama umewahi kukamatwa na mwalimu ukinakili mtihani, unalijua jicho lile. Akasimama, akajikohoza, akasema kwa sauti ya darasani kwamba amefikiri tena, baba zao hawakugawa nyama kwenye saruji, waligawa kwenye migomba, na yeye hatakuwa wa kwanza kuvunja.

Watu wakanung'unika. Mmoja akasema, Mwalimu, mvua hii. Akajibu kwamba mwenye kuogopa mvua sehemu yake atapewa jirani. Wanaume wanne wakabeba majani na nyama, wakatoka. Na kweli, ukoo mzima ukainuka na sahani zao, ukaifuata.

Kutoka migombani nikasikia Mwalimu ameanza kuita. Akaita kwanza nyumba ambazo vijana wao walikuwa juu. Hakuharakisha. Jina, anasubiri, jina lingine. Mimi nilisimama chini ya ngazi, nawapokea mmoja mmoja, nawaambia polepole, ngazi zimelowa. Natabasamu. Jasho linanitoka kwenye baridi ile mpaka binti mmoja akaniuliza, "Uncle, unaumwa?"

Aliposhuka wa mwisho nikageuka kuangalia ukumbi. Nilidhani umebaki mtupu.

Haukuwa mtupu. Kwenye kona ya ndani, amejifunika blanketi, alikuwa amekaa mama mzazi wa Mwalimu. Bibi mzee sana, haoni vizuri. Kila mtu alidhani mwingine amemchukua. Na ili nimfikie ilikuwa lazima nipite chini ya ule mstari.

Mathei alikuwa upande wa pili wa nyumba anazuia watu wasirudi. Hakukuwa na mwingine.

Nikaenda. Sikutazama juu. Kutoka juu kulikuwa kunasikika mlio mdogo, kama mtu anavunja kuni mbichi mbali. Nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo bibi. Tutoke nje."

"Marahaba. Nje mvua. Waniletee humu humu."

"Bibi, twende tu."

Akanyoosha mkono akanipapasa uso. "Wewe si ndiye uliyejenga? Unaogopa nyumba yako mwenyewe?"

"Ndiyo bibi. Naiogopa. Nimeikosea."

Nilisema kwa sauti, kwa sababu sikio lake ni zito. Nilipogeuka nikaona watu watatu wamerudi kuchungulia mlangoni, na wamesikia.

Bibi akanizungushia mikono shingoni. "Basi nibebe. Usinidondoshe, nimeshiba supu ya kisusio."

Nikambeba. Ni mwepesi, lakini sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, na nimebeba nondo Doha. Nilipokanyaga nyasi za uani nilikaa chini kwenye matope naye mapajani, mpaka Mathei alipokuja kumpokea.

Mwalimu ndipo akawaambia watu wote, kwa maneno machache. Hakunitetea, hakunitukana.

Na slab haikuanguka. Tulisimama kwenye manyunyu tukiitazama, imetulia kabisa. Dakika ishirini. Nusu saa. Kaka mmoja wa kutoka Dar akasema tumeloweshwa bure, fundi ameshtuka na mbege. Wengine wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kutamani iwe kweli.

Mathei akakusanya mirunda kwa majirani. Tukaingiza pembeni tu, kwenye kuta. Alikataza mtu yeyote kusogea katikati, hata mimi, hata kwenda kuchukua kiti cha bibi kilichobaki ndani. Akafunga mlango kwa waya.

Asubuhi yake tulifungua. Kipande cha slab kikubwa kama meza ya watu sita kilikuwa sakafuni pamoja na tofali zangu, nondo zimebaki zinaning'inia. Kilikuwa kimeanguka pale pale nyama ilipokuwa imelazwa. Kiti cha bibi kilikuwa chini ya kifusi, umebaki mguu mmoja unaonekana.

Nyumba ya zamani ya Mwalimu iko hatua chache kutoka pale. Hakuna aliyesikia kikianguka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilidhani kitu kama kile kingetoa onyo kubwa, kumbe onyo lilikuwa yale matone tu.

Yule kaka wa Dar alitazama, akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Mwalimu hakunipeleka polisi. Nilivunja slab yote, nikamwaga upya kwa gharama zangu, na mirunda ikakaa mpaka injinia niliyemleta alipolipima zege na Mathei naye akaridhika. Nilimwita injinia huyo huyo akapime Chekereni na Shirimatunda. Ziko salama. Sikulala vizuri mpaka nilipopata jibu hilo.

Mwalimu alinitaka jambo moja. Alisema, "Uliandika ya Chekereni. Andika na hii."

Nilipompelekea supervisor, akaniambia naweza kuiacha, ni site moja na inaharibu mwelekeo wa grafu. Nikamwambia watu waliokuwa chini ya hiyo site moja nawajua kwa majina. Ikaingia. Sura nzima niliiandika upya, na nilichelewa kuhitimu.

Somo nililopata ni hili, na mainjinia humu mtanisahihisha nikikosea.

Nilihesabu kila kusubiri kuwa hasara. Kwenye daftari langu, mtu anayesubiri mchanga na zege linalosubiri kukomaa vilikuwa kwenye safu moja. Mchanga kuchelewa ni uzembe, usimamizi mzuri unaondoa. Lakini zege likiwa limelala pale juu ya mirunda na hakuna mtu site, kazi inaendelea, tena ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Na haisomi ratiba. Inasoma baridi, upana wa chumba na uzito ulioubebesha. Ratiba ya Chekereni ikipanda Kibosho inakuwa kitu kingine kabisa.

Bado najenga, na najenga vizuri. Ila siku hizi nikiingia kwenye jengo lolote, hata benki, jicho langu linakwenda kwanza kwenye tundu la taa. Mke wangu ameshazoea.

Sasa naomba wenzangu mnaojenga sehemu za baridi, Lushoto, Makete, Mbulu, mniambie: mnaacha mirunda siku ngapi, na nani anaamua? Mliowahi kuona ufa mkanyamaza, semeni pia, sitawacheka. Na wa kunitukana karibuni, nimeshasikia makubwa zaidi.

Lakini kama unasoma hii ukiwa umekaa chini ya slab ambayo mirunda yake iliondolewa kwa sababu kuna mtu mwingine alikuwa anaisubiri, toka nje kwanza. Comment utaandika ukiwa uwanjani.